Kigingi Namba Kumi na Saba

Upepo wa Hallaniya hauna adabu.
Haubishi hodi, huingia na mchanga wake
hadi ndani ya chai, ndani ya kope,
ndani ya fomu niliyopewa Maskati
ijazwe kwa wino mweusi, nakala tatu.

Safu ya kwanza: aina. Ya pili: idadi.
Ya tatu: kikwazo kwa uchimbaji, ndiyo au la.

Nimehesabu minandi hadi ulimi ukakauka.
Wamesimama ufukweni, weusi, mbawa wazi,
kama nguo za msiba zilizosahauliwa kambani.
Nikaandika elfu nne. Wakaruka.
Wakatua wengine, au walewale.
Nikaandika tena elfu nne.

Na mimea: kichaka hakinifiki gotini,
kimelala upande mmoja kwa kupigwa,
majani manene kama mchele uliorowekwa.
Ukiyatafuna, chumvi tupu.
"Suwedi," akasema Tufuli binti Bakhiti,
kanga haijui, Kiswahili hajui,
tukaelewana kwa Kiarabu changu cha shule.
"Mbuzi wangu hula hiki mvua ikikataa.
Na mvua hukataa sana."
Hakuna safu ya mbuzi.
Nikawaandika pembeni, kwa penseli.

Usiku nampigia mama, Sibu. Mtandao unakatika.
Alizaliwa Wete; mpaka leo
mafuta kwake ni ya nazi,
ya kupaka nywele za mjukuu.
"Mafuta gani tena huko mwanangu, kwenye mawe?"
Ya kiyoyozi kinachokulaza, mama.
Ya mshahara uliokutia meno mapya.
Sikusema. Nilisema, "Ya taa."
"Haya. Ufunge kichwa, upepo huo."

Jana, kigingi namba kumi na saba,
pale mhandisi Ghasani alipopaka msalaba mwekundu
("hapa hasa, kilomita tatu kwenda chini"),
nikakuta kinda.
La wale ndege weupe wenye uso mweusi;
kwa lugha yetu sina jina lao.
Manyoya bado pamba, mdomo wazi, koo linapwitapwita.

Kisiwa kizima hakina mti.
Kigingi kina kivuli cha vidole vinne.
Saa tatu asubuhi lilikuwa upande wa magharibi.
Saa sita limejikunja shinani.
Saa nane limeanza kuhamia mashariki,
likisota na kile kijiuzi cha kivuli
kama mshale wa saa
iliyotiwa ufunguo na mtu asiyejua ni ya nini.

Mama yake yuko baharini, anatafuta dagaa.
Nikakaa upande wa jua.
Likanitazama. Likapima.
Likaacha kigingi, likaja kwenye kivuli changu,
likaweka tumbo juu ya kiatu.

Mguu ulikufa ganzi, sikuusogeza.
Redio ikaniita mara mbili.
Nikafungua fomu juu ya goti lililobaki.
Aina: nikaacha wazi.
Idadi: wawili.
Safu ya tatu: ndiyo.