Mkia wa Jina

Kwetu Kaunas jina la mwanamke lina mkia.
Nilizaliwa Balsytė, binti wa Balsys;
nikaolewa, mkia ukakatwa, ukaungwa mwingine:
Mažeikienė, mke wa Mažeika.
Mtu ni yuleyule, magoti yaleyale yanayouma Januari,
ila anayejua kusoma
akiuona mkia anajua kilichonipata.

Pampu ya mafuta nayo vivyo hivyo.
Inatoka kiwandani na namba ndefu inayoishia A.
Siku moja unakuja waraka wa walioiunda:
panueni tundu hili, badilisheni pete ile,
na iwe kabla ya miruko elfu tatu.
Fundi akimaliza anaifuta A, anagonga B kwenye kibati,
nami huku juu, penye kibodi na chai iliyopoa,
natia tiki kwenye kisanduku kimoja:
Imetekelezwa.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na minne.
Sijawahi kushika spana.

Watu hudhani ndege ni kitu kimoja.
Ndege ni nyumba, injini ni mpangaji.
Leo anaishi bawa la kushoto la hii yetu,
mwakani kahamia ya Wareno,
na akihama hatoki mikono mitupu:
anabeba saa zake, miruko yake,
makovu yake na dawa zote alizokunywa.
Nyumba haina haki ya kubaki na cheti chake cha hospitali.

Lakini mfumo wetu, usiku ule, ulibaki nacho.

Saa tisa na nusu, theluji inachapa bati la karakana.
Walikuwa wameshusha injini moja, wakapandisha nyingine,
namba 4417, iliyotoka Porto.
Nikafungua ukurasa wake. Waraka wa pampu: kijani.
Imetekelezwa, hapa Kaunas, tarehe sita Machi.
Tarehe sita Machi 4417 ilikuwa bado Porto,
imegubikwa turubai,
haina hata wa kuipangusa vumbi.

Kijani kile kilikuwa cha yule aliyeshushwa.
Husemwa asiyekuwapo na lake halipo;
hapa aliyeondoka ndiye lake limebaki,
limelala kitandani kwa mgeni, limejifunika shuka.

Nikampigia Rimgaudas. Hakuuliza kwa nini.
Nilimsikia akipanda ngazi, akihema,
simu imo mfukoni, kitambaa kinasugua grisi,
kisha kimya,
kisha: "Jolita. Ni A."

Miruko iliyosalia: kumi na mmoja.

Kęstutis wa ratiba alikuja mwenyewe, shati nje,
akasema abiria mia na themanini wameshafunga miavuli ya ufukweni,
akasema kumi na mmoja si sifuri,
akasema kijani ni kijani.
Si mtu mbaya. Ana hesabu zake.
Na kumi na mmoja, kweli, si sifuri.
Nikamwambia: basi iruke,
lakini iruke kwa jina lake.

Nikaondoa tiki. Kijani kikageuka manjano,
na kando yake namba ikaanza kuhesabu kurudi nyuma.
Ndege ikaondoka alfajiri, ikarudi jioni: tisa.
Alhamisi ikashushwa pampu, ikatengenezwa, ikarudishwa.
Rimgaudas alipogonga B
mlio wa nyundo ulinifikia huku juu, mara moja tu, mkavu,
nami nikatia tiki,
safari hii kwa jambo nililolisikia.

Mažeika ameondoka, huu mwaka wa tatu.
Beji yangu ya mlangoni bado inasema Mažeikienė.
Kila asubuhi naigusisha kwenye mashine,
taa inawaka kijani, mlango unafunguka,
hakuna anayepanda ngazi na tochi kuja kuhakikisha.
Fomu ya kubadili iko kwenye droo, chini ya biskuti.
Nimejaza tarehe, nikaikata, nikajaza nyingine.
Mimi hakuna aliyeniandikia waraka
wa kuniambia imebaki miruko mingapi.