Viputo

Kazi yangu, mwaka wa ishirini na sita huu,
ni kuwinda viputo.
Mpira wa baiskeli nauzamisha karaini,
nauzungusha kidogo kidogo kama anayesoma barua ya deni,
na pale maji yanapokohoa,
hapo hapo: kidole, msasa, gundi, kiraka.
Kiputo ni aibu. Kiputo ni mtu anayekokota chuma
kwa miguu toka Pongwe.

Sasa nyuma ya nyumba, Makorora,
nina mapipa mawili ya buluu, yalikuwa ya mafuta ya kula,
na humo nataka viputo usiku kucha.

Kaleta mambo Mwanakheri, mtoto wa dada,
na chuo chake, na daftari lake.
"Mjomba, mchicha haudai udongo.
Unadai kula na kupumua."
Nikacheka. Mama Hiza, jirani, akacheka kunizidi:
mboga ya kuogelea, itaota magamba!

Vifuniko tulivitoboa kwa msumari wa moto.
Mizizi ikashuka gizani,
myeupe kama katani iliyoanikwa,
nusu imezama, nusu hewani,
chanda kimoja cha nafasi kati ya maji na kifuniko.

Chakula kiko chupa mbili.
Ya kwanza mimina, koroga, ndipo ya pili.
Usizikutanishe zikiwa kali:
zitagandana zishuke chini kama chokaa,
na mboga ilale njaa juu ya karamu.
Na chokaa tunayo. Kisima chetu
huacha ukoga mweupe kwenye birika.
Mwanakheri hukamulia ndimu,
huchovya karatasi, hungoja rangi.

Mwezi wa kwanza niliizidishia.
Niliona namba ya kipimo inapanda
nikafurahi kama anayesoma mshahara.
Nilidhani kushibisha ndiko kupenda.
Ncha za majani zikaungua.

Tena, maji ya moto hayashiki pumzi.
Hilo nililijua Machi, jua la saa nane,
mchicha umenyauka na miguu yake imo majini.
Tukayavika mapipa magunia ya katani, mabichi,
kama wagonjwa wa homa.

Usiku mmoja kilichoniamsha ni kimya.
Kile kidude cha samaki wa mapambo,
kinachonguruma kama nzi chupani,
kimenyamaza. Mtaa mzima giza.
Nikachukua pampu ya mkono, ile ya kazini,
nikaufunga mrija kwa kipande cha tyubu,
nikainama. Na mtu wa Tanga akiinama peke yake gizani
haachi kuhesabu mizani:

*Shusha mkono majini, hewa ipate kushuka,*
*Mzizi uko gizani, unaomba kuamka,*
*Sabini na themanini, mgongo unakatika,*
*Umeme uko njiani, na njiani umechoka.*

Viputo vikapanda. Vinene, vya kizembe,
si kama vile vidogo vya jiwe la hewa,
lakini ndivyo nilivyokuwa navyo.
Pipa la pili nililifikia alfajiri.
Mikono ni miwili, pampu moja.
Siku ya tatu mizizi yake ilikuwa rangi ya majani ya chai,
inateleza, inanuka kama kitambaa kilichosahaulika ndooni.
Tukaimwaga. Mwanakheri hakusema neno,
akasugua pipa mpaka likalia.

Lakini asubuhi ile yenyewe, saa moja,
Shekiondo alishanifikia kibandani, madumu ya maziwa nyuma,
tairi limelala chini kabisa.
Nikatoa mpira, nikauzamisha karaini.
Viputo vitatu. Nikavitazama
muda mrefu kuliko inavyopasa,
kisha nikaweka kidole.
Kiraka kikashika.
"Haya, jaza upepo," akasema. "Pampu iko wapi?"

"Iko kwenye mchicha."

Akaniangalia. Akaliangalia jua.
"Basi kaichukue," akasema,
"kabla maziwa hayajawa mtindi."