Herufi Tatu

Kibanda changu Kibuye kina mabati pande tatu,
upande wa nne ni pazia la gunia.
Hapa nafungua simu za watu kwa bisibisi nyembamba kuliko njiti,
napuliza vumbi la soko, unga, magamba ya omena,
nazirudishia sauti zilizokauka.
Mimi mwenyewe sikio la kushoto nililiacha zamani
kwenye kinu cha kusaga, miaka kumi na mmoja
nikimimina mahindi, injini ikinimimina mimi.

Akeyo alikuja kujifunza kuchomelea waya.
Wiki ya tatu akaniuliza: Mzee Radoli,
kwa nini simu mbili zilizolala meza moja
zizungumze kwa kupanda hadi mnara wa Riat na kushuka?
Kwa nini nimlipe mtu wa mbali
ili nimwambie Mideva, hatua sita kutoka hapa, njoo tule?
Sikuwa na jibu. Niliagiza chai.

Akaandika programu yake usiku, kwa simu yenye ufa.
Kila herufi akaipa mluzi wake.
Bila laini, bila bando, spika hii ikalia,
maikrofoni ile ikatega,
na kule kwa kinyozi, kiganjani mwa Mideva,
herufi zikaota mojamoja kama meno ya mtoto.

Mwanzoni tulisikia sote. Ilikuwa kama nyenje ndani ya kopo.
Mama Nafula wa omena akachungulia:
Mnafuga ndege gani humu, na mbona hamuwalishi?

Basi Akeyo akapandisha mlio juu,
juu zaidi, mpaka ukayapita masikio ya watu wazima.
Yako, Mzee, uliyapita kitambo. Alisema hivyo, bila aibu.
Tangu hapo walicheka kwa pamoja, huyu hapa, yule kule,
na katikati yao sikuona kitu kikipita
ila Betri, mbwa wetu, aliyeinua sikio moja
kila ujumbe ulipokuwa njiani.
Nikajifunza kusoma sikio la mbwa.

Jumanne moja sikio lilisimama
na simu yangu, si ya Mideva, ikawaka pajani.
N. Kisha i. Kisha m.
Nimepata nafasi chuoni, Eldoret. Naondoka Jumamosi.
Nilishindwa kukwambia kwa mdomo.
Alikuwa ameketi mkono mmoja kutoka kwangu,
amenipa mgongo,
anachomelea kitu kisichohitaji kuchomelewa.

Vidole vyangu ni vya fundi, si vya mwandishi.
Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nikatuma:
Nenda. Usisahau.

Ndipo jirani Wambani alipowasha kinu chake.
Injini ikakohoa, mabati yakapiga kelele,
Betri akaingia chini ya meza,
nami nikaona mabega ya Akeyo yakishuka.
Akageuza simu nione.
Nenda. sahau.

Alinionya siku ya kwanza kabisa:
herufi ikiliwa na kelele, Mzee, hairudi.
Hewa haitoi stakabadhi.

Kinu kinasaga. Kutuma tena ni kukilisha tena.
Nikasimama, kiti kikaanguka,
nikaita kwa koo lote lililobaki: Usi!
Hakusikia. Usi, nikarudia, usi, usi,
kama anayefukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.
Mama Nafula akaacha kupima.
Mideva akatoka na mashine ya kunyolea mkononi,
nyuma yake mteja, kichwa nusu nywele nusu ngozi,
wote wakingoja nimalizie neno,
wasijue kwamba mwisho wake umetangulia,
umekaa kiganjani mwa msichana huyu
anayecheka huku machozi yakimtoka,
ananyanyua vidole vitatu:
zimefika, Mzee. Zote.