Karatasi Nyeusi

Mama Tumwitike aliuliza mara tatu bei ya rola,
mara tatu nikamjibu, na mara tatu akageuka
kutazama mabati yaliyoegemezwa mgombani,
ambayo bado hayajatosha.
"Hii nailoni itaonekana wapi, fundi?"
Haitaonekana, nikasema.
"Basi mgeni atajuaje kwamba niliinunua?"

Hapa Katumba mvua haiulizi mwezi.
Hunyesha kwenye chai, hunyesha kwenye migomba,
hunyesha Jumapili watu wakiwa na joho za kwaya,
na ikishaacha kunyesha kutoka juu
huanza kunyesha kutoka chini.
Wahenga walituonya kuhusu ufa.
Hawakusema lolote juu ya maji yasiyohitaji ufa,
yanayopanda ndani ya tofali
kama chai inavyopanda ndani ya andazi
lililochovywa ncha tu.

Nilitaka kumweleza haya kwa lugha ya vipimo.
Mwiko ukanikaukia mkononi.
Nikamweleza Kiwira.

Kiwira nilijenga nyumba ya mzee Mwangoka,
mwaka ambao saruji ilipanda bei
na mimi nilikuwa na deni la mahari.
Msingi safi, mawe ya mtoni, pembe zimekaa skwea.
Pesa ya karatasi nilipewa mkononi.
Niliila.
Ukuta haukusema kitu siku ile.
Ukuta hausemi siku ile.
Masika ya pili rangi ya bluu ikaanza kuvimba,
ikafanya malengelenge, ikabanduka,
chumvi nyeupe ikachora ramani yake hadi usawa wa goti,
kisha usawa wa dirisha.
Ukungu wa nje ulishuka kutoka Rungwe jioni
ukaondoka na jua;
ukungu wa ndani ulihamia.
Mara ya mwisho kupita, mlango ulikuwa wazi.
Kitanda walikiondoa ukutani,
kimesimama katikati ya chumba
kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti.
Mzee alikohoa, akaniita kwa jina, akanikaribisha chai.
Hakujua.
Nilikunywa.

Mama Tumwitike hakusema pole, wala mwizi.
Alifungua fundo la kitenge
akaniambia nihesabu mbele ya Gwakisa.

Kwa hiyo leo Gwakisa anafagia kichwa cha msingi,
anaokota kila punje ya kokoto yenye ncha,
maana tundu la sindano linatosha.
Tunatandaza udongo mwembamba wa saruji,
pima maji inalala, povu lake linatafuta katikati, linatulia,
ndipo tunakunjua: nyeusi, inanuka duka.
Penye kiungo napandisha kipande juu ya kipande,
kiganja kizima na vidole vyake.
Kijana anachomoa kisu
ili ukingo uwe sawa na uso wa tofali.
Acha, namwambia. Itoe ulimi kidogo nje.
"Itakuwa mbaya, fundi."
Acha iwe mbaya.

Kozi mbili juu yake, wingu likafunga.
Tukatupia turubai, tukakimbilia jikoni,
tukakaa na moshi na kelele za bati.
Ilinyesha usiku kucha.

Asubuhi nilifika kabla ya kijana.
Chini ya mstari matofali yalikuwa meusi, yameshiba.
Juu ya mstari, mekundu, makavu,
kama jana yalivyotoka tanuruni.
Mama alikuwa amechuchumaa pale,
kidole juu ya ule ulimi mweusi,
anaufuata kutoka pembe hadi pembe.
Hakuuliza bei.
Aliuliza kama kilichobaki kwenye rola
kingetosha chumba cha Kiwira.

Nyumba ikishasimama, nikamwambia, ni kazi nyingine.
Unakata ukuta kwa chini, kipande kwa kipande,
tofali mbili, unasubiri, tofali mbili,
kama mtu anayeng'oa meno ya mzazi wake.

"Sikukuuliza kama ni rahisi."