Tundu la Ufunguo

Uani kwangu Isevya, kati ya tangi na ukuta wa choo,
nina shamba la hatua tano kwa tatu.
Nikivaa ndala ni tano kamili;
nikienda peku, tano na kidole.

Mbaazi umeingia mwaka wa nne.
Unajua wanavyousema: ukikosa maua husingizia jua.
Huu wangu Oktoba nzima haukusingizia lolote,
ulisimama tu, mkavu kama mpini,
nikautundikia kanga mbichi kwa kukosa kamba.

Pembeni mchaichai, shina la marehemu dada Nyamizi,
nililolibeba kwenye ndoo siku ya kugawana vyombo.
Wenzangu walichukua sufuria.
Hauchanui, hauombi; sisimizi wanapita chini yake
na mabawa ya kumbikumbi mabegani,
kama watu wanaohama usiku na mabati yao.

Asubuhi moja ya Machi, cherehani bado imefunikwa,
nikaona jani la mbaazi lina pengo la duara,
safi, bila uzi kuning'inia.
Nikasema kiwavi. Kalunde wa chumba cha pili akasema dawa,
akaleta na chupa yenyewe, ina picha ya fuvu.
Nikaiweka dirishani. Nikavuta kigoda.

Akaja nyuki.
Si wale wa mizinga ya Sikonge, wa asali ya madumu;
huyu yuko peke yake, hana malkia wa kumwamkia.
Akakumbatia ukingo wa jani
akakata akizunguka, amekikalia kile kile anachokikata,
kosa ninalomgombezea mwanafunzi wangu kila siku.
Uzi wa mwisho ulipoachia
hakuanguka. Aliruka nacho, kimekunjwa tumboni.
Bila chaki. Bila futi.

Nikamfuata kwa macho hadi mlango wa stoo,
ule ambao ufunguo wake alikuwa nao Nyamizi
na hatukuuona mfukoni mwake wala popote.
Akaingia tunduni na kitambaa chake.
Akatoka mikono mitupu.
Siku nzima hivyo. Gauni la mteja likalala bila pindo.

Jumamosi fundi akaja na kitasa kipya, bisibisi mkononi.
Nikamwambia leo hapana, humo mna mtoto.
Akacheka. Akauliza arudi lini.
Nikamwambia sijui, amuulize mwenye nyumba.

Akashika njia kwenda kwa Mzee Kapaya.