Viua

Mama alishonwa kama gunia.
Mwaka ule wa mavuno makubwa walimpasua
kutoka kitovuni kwenda chini, wakatoa walichotoa,
wakamfunga kwa mshono wa kuvuka na kurudi,
ule ule wa sindano ndefu na uzi wa katani
unaozuia karafuu zisimwagike bandarini.
Wiki sita hakuinua ndoo.
Hadi leo akitaka kukohoa hutanguliza kiganja pale.

Basi mie nilipoambiwa fibroidi
nilirudi Mtambwe nikanyamaza miaka minne.
Nikajifunza kukaa ncha ya kiti harusini,
kuvaa nyeusi chini ya nyeusi,
kuujua mwezi kwa kanga nilizozianika usiku.
Wifi yangu Mchanga akasema nina sheitani, nipungwe.
Mwengine akasema mimba. Nilitamani.
Tumbo lilikuwa la miezi mitano
na halikuwa na mtu.

Nikashona. Kazi yangu kofia.
Kiua kimoja: unatoboa, unazungusha uzi,
unavuta mpaka tundu linasimama jicho wazi,
kisha cha pili, cha mia mbili, cha elfu.
Kofia moja kwa miezi mitatu, damu ikiniruhusu.
Hizo ndizo zilizonivusha Unguja.

Daktari Raiye hakunipa maneno matamu.
Alinipeleka kwenye mashine, ile ya kujifunzia:
mikono minne imevikwa plastiki,
imekunjika kama kaa aliyegeuzwa chali.
Na yeye, akasema, atakaa kule pembeni,
uso ndani ya kisanduku, vidole kwenye pete,
hatua tano kutoka kitandani.
Nikamuuliza: sasa nani atanishika?
Akafikiri.
Mimi, akasema. Ila mtetemo wangu utabaki huku nje.

Sikuridhika. Nikatoa kofia mkobani.
Nishonee hapa. Kiua kimoja tu.
Wauguzi wakacheka. Yeye hakucheka.
Akavua viatu, akainamia kisanduku,
na kule mbali kidole cha chuma, chembamba kama mdomo wa chozi,
kikaokota sindano yangu,
kikatoboa, kikazungusha, kikavuta.

Nikaisogeza kofia dirishani.
Uzi umelegea upande wa kushoto, nikasema.
Kweli, akasema. Akashona kingine pembeni yake.
Hicho kilikuwa kama changu.
Nikatia saini.

Nusukaputi haina ndoto. Nilihesabu hadi tatu.
Nilipoamka koo kavu, bega la kulia linauma:
ile hewa waliyonijaza tumboni, walisema, inatafuta mlango.
Muuguzi akanionesha picha kwenye simu,
kumi na moja, vimepangwa juu ya sinia,
mdogo punje ya kunde,
mkubwa umekatwa vipande ili upite;
ukiuunganisha ni danzi.
Hivi ndivyo nilivyokuwa nikivipandisha ngazi,
nikivilisha.

Siku ya pili nilikwenda chooni peke yangu.
Siku ya nne nilikuwa melini,
nimekaa katikati ya kiti.

Mama alifunga mlango, akasema: nioneshe.
Nikalegeza kanga. Akatafuta.
Akavaa miwani, akatafuta tena,
akagusa moja moja kwa ncha ya kidole
mpaka akafika tano.
Viua, akasema.
Kisha akageukia ukutani, akakaa hivyo,
mkono juu ya gunia lake,
na mie sikujua nimwambie nini.

Mtoto? Daktari hakuahidi.
Kizazi kipo, alisema, kimeshonwa vizuri.
Mara hii sikupewa nafasi ya kukagua.

Kofia ile niliimaliza mwezi wa Shaabani.
Faki aliivaa Idd, msikitini wakaisifu,
wakataka kujua bei.
Nyuma, karibu na kisogo,
kuna kiua kimoja uzi umelegea upande wa kushoto.
Sijakifumua.