Urefu Sifuri

Ilmo, jua limetua saa nane mchana
na kahawa ya ghorofa ya tatu imepoa kikombeni.
Vuta kiti, nikuonyeshe aibu yangu.

Mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Niliuandika mimi, mwaka niliohamia Oulu,
nikiwa bado sina miwani
na jeuri ya kutosha kijiji kizima.

Pakiti ikija, kichwani hubeba vijichaguo:
kila kimoja aina yake, kisha urefu wake, kisha shehena.
Soma aina. Soma urefu. Ruka kwa urefu huo. Soma tena.
Ndivyo kiini kinavyotembea, baiti kwa baiti,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
kwa kuamini neno la aliyezijenga.

Nami niliamini.
Aliyesema "mimi ni kumi" nilimpa kumi.
Aliyesema "mimi ni arobaini", na kichwa kimebakiwa na sita,
nilivuka naye mpaka, nikasoma kumbukumbu ya jirani
kama barua iliyotumbukizwa sanduku lisilo lake.

Lakini usiku wa Jumanne, bandarini Kemi,
alikuja mmoja akasema: urefu wangu sifuri.

Sifuri, Ilmo.
Kiini kikaruka sifuri, kikatua palepale,
kikasoma aina ileile, urefu uleule,
kikaruka sifuri,
kikatua palepale.
Winchi zimesimama. Meli ya mbao
imewasha taa zote, haina wa kuipakia.
Na mashine haikulia, haikuanguka: ilikuwa kazini,
ina bidii kutushinda sote,
feni zikivuma hadi alfajiri.

Dawa ni maswali mawili, basi.
Urefu unafika mbili? Maana aina na urefu wenyewe
tayari ni baiti mbili; aliye chini ya hapo ni mwongo.
Unatosha ndani ya kilichobaki?
Asiyejibu vizuri, itupe pakiti yake,
ongeza moja kwenye hesabu ya waliotupwa,
endelea. Usimfokee.

"Maswali yana gharama," ukasema,
na nanosekunde tatu kwenye grafu yako
zilikuuma kama jipu.
Sikukubishia. Kuuliza si ujinga,
ila kumhoji kila mtu mlangoni siku ya gulio
ni foleni hadi mtoni.

Ndipo ulipoona wewe, si mimi
(andika jina lako hapo, usione haya),
kwamba pakiti tisa katika kumi huvaa sare moja:
vijaza nafasi viwili, mhuri wa saa, urefu kumi.
Neno moja la biti thelathini na mbili,
linganisho moja, pita.
Wenye mavazi mengine ndio waende kwenye maswali.
Tukapima usiku kucha. Ikakimbia kuliko ya kwangu ya zamani,
ile isiyouliza kitu.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikasoma tena:
ulilinganisha sare kabla ya kuhakikisha
kwamba baiti kumi na mbili zipo.
Mlango mpya, shimo lilelile.
Karibu kazini, kijana.

Saa kumi na mbili jioni mama hupiga simu kutoka Kajaani.
"Tyyne, umekula?"
Nimekula, mama. Samaki na viazi.
Kimya kidogo, saa ya ukutani kwake nasikia.
"Tyyne, umekula?"

Hapo sina mstari wa kuongeza.
Siwezi kumwambia urefu wako haufiki mbili,
nimhesabu kati ya waliotupwa.
Najibu kama ndiyo kwanza aulize;
siku nyingine nabadilisha chakula
ili walau mmoja wetu asogee.

Rekebisha hilo la kumi na mbili, utume kiraka.
Kwenye maelezo usinifiche: kosa la tangu mwanzo, mwandishi Tyyne.
Simu hiyo inaita.
Leo nitasema uji wa shayiri.